Feza ya Mchezo: Israfu Inaanzia Wapi?

Bismillahi Rrahmani Rrahimu.



Ijumaa hii nataka tuongee juu ya mchezo mmoja ambao wengi wenu hamjapata kuuona, na huenda hapa Kindu hamtauona kamwe. Sikuuchagua kwa ajili ya ugeni wake. Nimeuchagua kwa sababu ulinikamata mimi mwenyewe mahali ambapo sikutazamia kukamatwa.

Mwezi wa nane 2025 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuja kutusalimia kutoka Brussels, ambako anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunza wazee. Siku ya tatu, baada ya swala ya isha, alifungua kifuko kidogo cha kitambaa na kumwaga juu ya mkeka dadu saba. Moja ilikuwa na pande nne, nyingine pande nane, nyingine kumi na mbili, na ile kubwa pande ishirini. Watoto wakazikimbilia kama karanga. Nikamwuliza hizi ni za nini, akanieleza muda wa saa nzima, naye ni kijana asiye na maneno mengi.

Mchezo unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na watu wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Ulikuwa kisanduku cha vijitabu vitatu, bei yake dolari 10, na mara ya kwanza walichapa nakala 1000 tu. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja wao ndiye msimulizi. Wengine kila mmoja anashika mtu mmoja wa ndani ya hadithi. Msimulizi anasema: mmefika mbele ya mlango, mlango umefungwa, na ndani kuna sauti. Mnafanya nini? Mmoja anasema nabisha, mwingine anasema navunja. Dadu inatupwa ili kujua kama amefaulu. Hakuna anayemshinda mwenzake, na hakuna feza inayowekwa. Ni kama hadithi za usiku walizotusimulia bibi zetu, ila huku msikilizaji anaruhusiwa kuingia ndani ya hadithi na kuigeuza.

Najua kuna ndugu aliyekwisha kushtuka kwa neno dadu. Ana haki ya kushtuka. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikemea mchezo wa nardi, na wanazuoni wengi wameona kemeo hilo linaingia katika dadu. Wengine wakalifunga kwenye kamari. Halafu ndani ya hadithi zile kuna uchawi na miungu ya uongo, na juu ya hayo nilimwambia kijana msimamo wangu bila kuzunguka. Mambo hayo yanahitaji ukurasa wa peke yake. Leo niacheni na jambo moja tu, yaani feza. Swali la feza linamgusa hata mtu ambaye hatagusa dadu maisha yake yote.

Kwa maana nilipomaliza kumsikiliza, niliuliza swali ambalo mzee yeyote wa Kindu angeuliza: bei gani?

Kumbe kisanduku cha dolari 10 kilikuwa mwanzo tu. Siku hizi vitabu vikubwa vya mchezo huo ni vitatu, na kila kimoja ni karibu dolari 50. Mpwa wangu alikuwa navyo tangu vilipotolewa mwaka 2014. Kati ya mwezi wa tisa 2024 na mwezi wa pili 2025 vikatolewa upya, majina yaleyale, sheria zimerekebishwa hapa na pale, akanunua tena vyote vitatu. Vya zamani havikuoza. Panya hawakuvila. Viko palepale kwenye rafu, vinafanya kazi ileile. Na kabla ya 2014 watu walikwisha kununua toleo la 1989, la 2000, la 2003 na la 2008.

Tusimlaumu mfanyabiashara kwa haraka, tumwelewe kwanza. Muuza chumvi anajua utarudi kesho kutwa. Muuza jembe anajua utarudi baada ya miaka kadhaa. Lakini mtu anayekuuzia njia ya kusimulia hadithi pamoja na rafiki zako amekuuzia kitu kisichokwisha. Ukiwa na sheria, kalamu, karatasi na dadu, umemaliza, unaweza kucheza mpaka uzeeni. Karibu mwaka 1979 dadu zilipopungua, visanduku vingine viliuzwa na vipande vya karatasi ngumu vyenye nambari, ukate mwenyewe, utie ndani ya kikombe, uchomoe kimoja bila kuangalia. Na mchezo ukaendelea. Ni kama wazee wetu chini ya mwembe wanavyocheza dama kwa vifuniko vya chupa, na sijapata kumsikia mmoja akisema leo hatuchezi, vifuniko vyetu ni vya mwaka jana.

Sasa mwenye duka ale nini? Ndiyo sababu inambidi auze kingine na kingine. Anauza vitabu vya nchi za kubuni, vya wanyama, vya safari zilizokwisha kuandikwa, na kitabu kilekile chenye jalada la pili lililo zuri zaidi. Kampuni ya kwanza, TSR, ilitoa vitu vingi namna hiyo hata ikaelemewa na madeni, na mwaka 1997 ikanunuliwa na kampuni nyingine, Wizards of the Coast, nayo mwaka 1999 ikaingia mkononi mwa Hasbro, kampuni kubwa ya vichezeo vya watoto. Mwaka 2009 ikatokea njia nyingine ya kuuza, Kickstarter, ambapo unalipa leo kitu ambacho bado hakijatengenezwa, kisha unangoja mwaka au zaidi. Mlango unawekwa wazi siku chache tu, mara nyingi kama thelathini, halafu unafungwa. Sisi tunaoenda sokoni tunaijua haraka ya namna hiyo. Anayekuambia amua sasa hivi ana sababu ya kutotaka ulale kwanza.

Basi nikamkaripia. Nilisema: mwanangu, hapa kwetu mwalimu wa chuo chetu hapati dolari 50 kwa mwezi, nawe unazitoa kwa kitabu cha mazimwi?

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa upole: "Mjomba, kuna mwezi hata mmoja nimekosa kutuma?"

Ndugu zangu, hakuna. Minervali ya wadogo zake inalipwa. Dawa za mama yake zinanunuliwa. Bati la nyumba tuliyokuwa tumekaa chini yake usiku ule ni jasho lake. Mimi nilikuwa nimemshika kosa, kumbe nimeshika hewa. Nilitumia mizani ambayo sisi wahubiri tunaipenda, ile ya kuweka kitu cha mtu upande mmoja na njaa ya maskini upande wa pili. Mizani hiyo ina kazi yake kwa mtu asiyelipa haki za watu. Lakini kwa mtu aliyezilipa, ukiitumia bila kuacha, italaani kila kitu. Italaani sukari ya chai yangu, kanzu yangu ya pili, na saa ya mkononi niliyovaa nikiwa naongea naye. Dini yetu haikutuagiza tuishi hivyo. Baada ya zaka, baada ya wazazi, watoto na madeni, mtu ameruhusiwa kitu cha kupumzisha moyo. Wanazuoni wametofautisha tabdhiri, ambayo ni kutoa mali katika jambo lisilo la haki, na israfu, ambayo ni kupita mpaka katika jambo lililoruhusiwa. Kwa hiyo swali lililobaki ni gumu kuliko nililoanza nalo. Mtu amelipa haki zote, feza ni yake na ni ya halali. Katika kitu kilichoruhusiwa, mpaka uko wapi?

Yeye alikuwa na jibu, nalo si la kijinga. Alisema wenzake Ulaya wanahesabu kwa saa. Kitabu cha dolari 50, watu watano, jioni arobaini, kila jioni saa nne. Hiyo ni saa mia nane za furaha ya watu, kila saa ni senti sita na kidogo. Sinema ni ghali zaidi. Bia, tusiitaje. Nikapiga hesabu ile kwa kalamu nyuma ya bahasha, nikaona ni kweli. Kitabu kilichotumika hivyo si israfu, na atakayesema ni israfu anamwonea mwenzake wivu.

Lakini hesabu ile inahitaji jioni arobaini. Nikamwuliza: una vitabu vingapi vya mchezo huu nyumbani? Akahesabu kwa vidole, akarudia, akasema arobaini na vitatu. Vingapi vilifika mezani? Saba. Vingine? Vingine alivisoma peke yake kazini usiku, wazee wakiwa wamelala. Nikamwambia hivyo navyo navikubali, kwa maana kitabu kilichosomwa kimetumika, hata kama hakuna dadu iliyotupwa. Na vilivyobaki? Akatazama mkeka. Ishirini na kimoja, mjomba, bado viko ndani ya nailoni.

Gawanya sasa dolari 50 kwa jioni sifuri. Mwalimu wa hesabu atakuambia haigawanyiki.

Akaniambia pia kwamba hayuko peke yake. Wanaonunua sanamu ndogo za kupaka rangi kwa ajili ya michezo ya namna hiyo wana jina kwa zile zisizopakwa bado: wanaziita rundo la aibu. Wanaonyeshana rundo zao na kucheka. Jambo hilo nimelifikiri sana. Jina hilo linaonyesha kwamba wanajua. Hawahitaji imamu atoke Maniema kwenda kuwaambia. Lakini kicheko kimeilainisha ile aibu hata haiumi tena, na isipouma mkono hauzuiliki.

Na kuna ajabu nyingine. Sheria za msingi za mchezo huo hupatikana bure, na ni halali. Toka 2014 kampuni yenyewe ilikuwa ikitoa sheria za msingi bila malipo. Mwezi wa kwanza 2023 ilitaka kubana ruhusa iliyokuwa imewapa watu tangu mwaka 2000 ya kuandika vitabu vyao juu ya sheria zake. Wachezaji wakakasirika, wengi wakaacha kulipia huduma zake, na kabla ya mwezi kwisha kampuni ikarudi nyuma na kuweka sheria zile chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kurudishwa. Kwa hiyo anayetaka kucheza hana haja ya kununua kitu chochote. Sasa yule aliyenunua vitabu ishirini na kimoja asivyovifungua alikuwa ananunua nini?

Nilimwuliza hivyohivyo, na si kwa karipio tena. Alichukua muda. Kisha akanieleza mwaka 2020.

Mezani kwake walikuwa watano, kila siku ya posho jioni, tangu miaka mitatu. Mwezi wa tatu 2020 Ubelgiji ikafunga watu majumbani kwa ajili ya korona. Meza ikavunjika. Mmoja akahamia Liège, mmoja akapata mapacha, mmoja akaacha tu kujibu. Na kazi yake mnaijua, ni katika nyumba ya wazee. Ugonjwa ule uliingia katika nyumba za wazee za Ubelgiji kama moto katika nyasi za kiangazi. Alikuwa akitoka kazini alfajiri, amefunga macho ya mtu aliyempa chai juzi, anafika katika chumba chake peke yake, hawezi kulala, anafungua simu, anabonyeza, ananunua kitabu. Akasema: "Kila nilipobonyeza, mjomba, niliona sisi watano tumekaa."

Hapo ndipo nilipofahamu mpaka uko wapi, kwa kadiri ya akili yangu, na mwenye elimu zaidi anisahihishe. Mpaka hauko kwenye bei. Hauko hata kwenye wingi. Mtu amepita mpaka pale anapotoa feza ili apate kitu ambacho yule muuzaji hana cha kumpa. Dukani kuna karatasi na picha. Kijana alikuwa anataka jioni na rafiki zake. Kitabu cha kwanza kilikuwa chombo cha jioni hiyo, kama birika lilivyo chombo cha chai. Kitabu cha ishirini kilikuwa badala yake, na badala haishibishi, ndiyo sababu inabidi kuongeza. Mwenye birika moja na wageni kumi hakufanya israfu. Mwenye mabirika kumi na hana mgeni ana shida, na shida yake si ya mabirika.

Na hapa lazima niseme jambo linalonihusu, ingawa halinipendezi. Katika mwaka ule wa 2020 nilimpigia simu mara ngapi? Nilimpigia kila mwezi. Nilimpigia kusema feza imefika, Mungu akubariki, mama yako anakusalimu, na simu ikakatika. Sikumwuliza hata mara moja analala vipi. Sikujua kama amefunga macho ya watu. Sisi wote huku tulimfanya kuwa dirisha la Western Union, na nilipomkuta ana vitabu vingi nikamwita mpotevu wa mali. Feza aliyoitupa ilikuwa nyingi, ndiyo. Lakini maneno ambayo yangeizuia isitupwe yalikuwa kwangu, na sikumpa.

Tuendelee, maana kuna upande wa pili na wa kwake una haki pia.

Tangu 2022 amepata meza mpya, watu wanne pamoja naye. Anayesimulia ni yeye. Chumba ni chake. Vitabu ni vyake, dadu ni zake, hata chakula cha jioni ni chake. Nikamwuliza: wenzako wanaleta nini? Akacheka, akasema wanajileta wao wenyewe. Inaonekana mambo ni hivyo huko kote. Mwezi wa kumi na mbili 2022 mkuu wa Wizards of the Coast wakati huo, Cynthia Williams, aliwaeleza wawekezaji kwamba wasimulizi ni kama asilimia 20 tu ya wanaocheza, lakini ndio wanaobeba sehemu kubwa kuliko wengine ya malipo. Na kwamba mchezo huo bado haujatoa feza yote unayoweza kutoa. Mwenye biashara anasikia hapo kwamba kuna watu wanne katika kila watano ambao hawajalipishwa vya kutosha. Mimi nilisikia jambo lingine: mmoja anawabeba wanne.

Je, huo ni ukarimu? Kwa nje ni ukarimu, na ukarimu tunausifu. Lakini nilimwuliza kama anaweza kuwaambia wenzake, jamani, siku ya posho hii kila mtu alete kitu. Akasema hapana, anaogopa. Anaogopa nini? Wasije tena. Basi nikamwambia: mwanangu, hapo unanunua tena. Mara ya kwanza ulinunua vitabu badala ya watu, sasa unawanunua watu wenyewe, na hujui hata kama wanauzwa. Labda wangekuja hata bila wali wako. Hujawapa nafasi ya kukuonyesha.

Na wale watatu wengine nao wasijifiche nyuma yake. Sisi tunajua likelemba. Katika likelemba hakuna anayepokea kila mwezi na hatoi kamwe. Mtu wa namna hiyo tunalo jina lake, na si jina zuri. Mezani pa mchezo hakuna daftari, kwa hiyo ni rahisi mtu kupokea miaka mitatu na kujiona yeye ni rafiki tu. Simaanishi kila mtu alipe sawasawa. Katika baraza yetu mmoja analeta sukari, mmoja makaa, na yuko mzee mmoja, mnamjua, ambaye haleti kitu ila maneno, na asipokuja chai haina ladha. Lakini naye alipougua wiki mbili, siku aliyorudi alikuja na ndimu mbili mfukoni. Ndimu mbili zile, ndugu zangu, zilitosha.

Anayelipa siku zote, hata kama hasemi, moyo wake unaandika. Siku moja ataisoma hesabu ile kwa sauti, katika ugomvi wa jambo lingine kabisa, na wenzake watashangaa kwamba kumbe ilikuwa inaandikwa. Nimeona urafiki wa miaka ishirini ukifa hivyo, hapahapa mtaani, kwa ajili ya mafuta ya pikipiki.

Tulilala karibu saa nane usiku. Mimi sikupata usingizi.

Katika chumba changu kuna kabati, na waliokwisha kuingia wanaifahamu. Rafu ya juu kuna sherehe moja ya hadithi, juzuu kumi na tatu, ngozi ya kijani, maandishi ya dhahabu mgongoni. Nilizinunua Dar es Salaam mwaka 2011. Nilichukua deni kuzinunua, na mama watoto alijua deni lakini hakujua kiasi chake. Zilisafiri kwa meli ziwani mpaka Kalemie na kwa lori kutoka huko, na lori lilipokwama nilizifikiria juzuu zile kuliko nilivyomfikiria dereva. Wageni wakiingia wanazitazama, kisha wananitazama mimi kwa heshima zaidi.

Usiku ule niliwasha taa ya mkononi nikachukua juzuu ya saba. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana kwenye ukingo, kama zilivyotoka kiwandani. Juzuu ya tisa ilikuwa imefunguliwa, ila na mchwa. Walikuwa wameingia kwa nyuma na kula njia yao kutoka mlango mmoja mpaka mwingine, kwa bidii ambayo mimi sikuwa nayo. Nilihesabu kama kijana alivyohesabu. Nilikuwa nimesoma juzuu ya kwanza yote, na ya pili mpaka katikati, ambapo kulikuwa na tiketi ya basi ya 2012.

Mwaka 2018 mwanafunzi wangu mmoja, ambaye sasa anasomesha Kasongo, aliniomba niazime juzuu ya nne. Nilimwambia kitabu hiki ni cha thamani, subiri nikisome mimi kwanza. Hakuomba tena.

Sasa nani alifanya israfu? Kijana alitoa feza yake ya halali, bila deni, baada ya haki zote, katika mwaka wa majonzi. Mimi nilitoa feza ya deni, kwa kitu kitukufu, ili nionekane. Watu hudhani israfu haiingii katika vitabu vya dini. Nami nilidhani hivyo. Lakini karatasi ni karatasi mpaka mtu aisome, na utukufu wa maneno yaliyomo hauniokoi mimi niliyeyafungia. Huenda unanizidishia mzigo, kwa maana kile cha mazimwi kikikaa ndani ya nailoni hakuna aliyekosa elimu.

Asubuhi baada ya alfajiri nilimwambia yote, hata la deni. Hakucheka. Tukakubaliana mambo machache kama watu wazima wawili. Yeye hatanunua kitabu kipya mpaka vile ishirini na kimoja vimefunguliwa au vimetoka nyumbani mwake. Huko kwao kuna maduka yanayopokea vilivyotumika, na kuna vijana wasio na kitu wanaotaka kucheza. Atawaambia wenzake juu ya siku ya posho. Nami nitampigia simu siku ambayo hakuna feza iliyofika.

Mwezi wa tisa alinipigia yeye kwanza. Aliwaambia. Mmoja wa wale watatu alikasirika na hajarudi. Wawili walikuja na mkate, jibini na mfuko wa machungwa, na mmoja akasema alikuwa anaona haya miaka yote kwa kuwa hakujua aanze vipi. Sasa ni watatu mezani. Alisema msimulizi wa hadithi anaweza kufanya kazi na wawili, ila inabidi mazimwi yapunguzwe.

Kuhusu juzuu zangu: toka kesho, siku ya posho, zitakuwa katika chumba kidogo cha kaskazini ya msikiti, zote kumi na mbili, na ya tisa kwa kadiri mchwa walivyotuachia. Kila jioni baada ya swala ya alasiri chumba kitafunguliwa. Anayejua Kiarabu asome mwenyewe, asiyejua akae karibu na anayejua. Kuna ndoo ya maji na sabuni mlangoni kwa ajili ya mikono. Nimempelekea mwalimu wa Kasongo habari kwamba ya nne inamngoja, na akitaka kuondoka nayo aondoke nayo. Mimi nimeanza tena ya pili, pale penye tiketi ya basi.

Wabillahi taufiki. Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.